Ngoma ya Nyaya

Haya alinisimulia somo yangu Mize juzi, tukichambua mchele.

Makame alikuwa akiunda ngoma ya umeme kwa visanduku na nyaya, kimoja cha dundo, kingine cha kuchekecha kama kayamba. Kesho yake dada yake alikuwa anaolewa, naye alikuwa ameshaapa kwamba harusi itachezwa kwa ngoma hiyo. Lakini dundo lilitoka kama mtu anayepiga mto wa usufi. Akahamisha nyaya mpaka akachoka, akaenda kuoga.

Aliporudi, alikuta shangazi yake, Bi Kazija, amekichomoa nyaya kisanduku cha dundo na kukiegemeza kwenye jiko la makaa.

“Shangazi! Unafanya nini?”

“Ngoma imelegea, baba. Ngoma iliyolegea hupashwa moto.”

“Hii haina ngozi!”

“Ndiyo maana hailii.”

Kitufe cha sauti kilikuwa kimeyeyuka. Makame akaunganisha tena nyaya, akaiwasha kwa hasira, amwoneshe alivyoiharibu. Dundo likatoka zito, vikombe vikatikisika kabatini.

“Si nimekwambia?” Shangazi akajinyoosha mkekani, akalala.

“Sasa nitaipelekaje harusini?” Akiizima, huenda dundo lile lisirudi. Akakaa kando ya ngoma alasiri nzima, mkono kwenye plagi, hata usingizi ukamchukua, nayo ikiendelea kulia.