Hatua Tisa Zilizopotea

Kitendawili! Nina nyumba nzuri yenye vyumba saba. Chumba kimoja hakina mlango, na mwenyewe huingia na kutoka. Usikimbilie kusema yai, mjukuu wangu; aliyetoka kwenye yai harudi tena ndani. Kishike kitendawili chako, usikilize.

Mlinzi wa getini alikuwa ameshaangushwa. Alikaa kwenye changarawe, kiganja mdomoni, damu ikimchuruzika hadi kwenye vifungo vya sare. Aliyempiga hata hakugeuka kumtazama. Aliweka nyundo begani, ile nyundo nzito ya kubomolea, akaingia Nyumba ya Kikapu saa nne asubuhi kama mtu anayeingia kazini.

Na kweli, kubomoa ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu wote walimwita Bomoa, hata mama mkwe wake. Ukuta wowote akiugonga kwa kifundo cha kidole, atakwambia una unene gani, na kama fundi aliyeujenga alikuwa na haraka.

Nyumba ya Kikapu ilikuwa gumzo. Matofali yake yalipangwa kama yamesukwa, yakaachiwa matundu, na jua likipita humo linamwagika sakafuni kama unga kwenye chekeche. Haina pembe hata moja. Kuta zote zimejikunja. Ukizifuata kwa macho, macho yanapotea njia. Chini palikuwa na ukumbi wa kushonea nguo, na wageni walitoka nchi za mbali kuja kuipiga picha.

Picha moja ndiyo iliyomleta Bomoa. Aliiona kwenye kipande cha gazeti alichofungiwa misumari dukani. Juu kabisa, kwenye tundu moja la ukuta, mkono wa mwanamke umetoka kukung'uta kitambaa. Wengine waliona nyumba. Yeye aliona kidole cha mwisho, kilichopinda kwa nje. Kidole hicho alikijua kuliko mtu yeyote duniani. Siku kilipovunjika alikuwepo.

Mkewe alipotea miezi saba nyuma. Miezi saba Bomoa anakula amesimama, na upande wa pili wa kitanda haugusi. Alishazunguka vituo vya polisi, hospitali, mpaka vyumba vya maiti. Na ndugu wa mke, badala ya kulia naye, walimfungia mlango.

"Shemeji, mwache huko aliko," kaka wa mkewe alimwambia kupitia dirishani.

Mwache! Kama vile aliyepotea ni kuku wa jirani.

Juzi alikuja mikono mitupu, kama mgeni, akaipima nyumba kwa miguu. Ghorofa ya juu, kwa nje, kutoka ngazi hadi mwisho wa baraza: hatua themanini. Kwa ndani, chumba hadi chumba: sabini na moja.

"Hatua tisa zimekwenda wapi?" alimwuliza mama aliyeichora nyumba ile, mama mfupi mwenye miwani.

"Ukuta wa kujikunja hudanganya miguu, kaka yangu," mama akacheka. Lakini kicheko chake kilikuwa na haraka, na Bomoa kazi za haraka anazijua.

Leo, alipotokeza na nyundo, cherehani za ukumbi wa chini zilinyamaza zote kwa pamoja. Mshonaji mmoja akainama, akagonga kwa mkasi bomba la maji linalopanda ghorofani. Mara tatu. Mama mchoraji akashuka mbio, akasimama katikati ya ngazi.

"Kaka, weka chini hiyo nyundo tuzungumze."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mimi mkeo simjui."

"Chumba kisicho na mlango umemfungia nani?"

Mama akatandaza mikono kuziba ngazi. Bomoa akamsukuma, miwani ikaanguka, akaikanyaga. Mama akamng'ang'ania mguu kwa mikono miwili. Bomoa akamburuta ngazi nne, kisha akampiga teke la kifua. Mbavu zikalia. Mikono ikaachia.

Juu, aligonga ukuta wa mwisho kwa kifundo. Ukaitika kama debe tupu.

"Mke wangu!" aliita. "Usiogope, nimekuja!"

Pigo la kwanza lilitoa ufa. La pili, vumbi. Kutoka ndani alisikia mtoto akilia, kisha kilio kikakatwa ghafla, kama kimezibwa kwa mkono. Kumbe na watoto wamo! Ghadhabu ikampanda hadi utosini. Akapiga mpaka viganja vikachubuka na mpini ukateleza kwa damu.

"Rudini nyuma!" mama mchoraji alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye ngazi, akitapika damu. "Rudini nyuma wote!"

Pigo la tisa likaangusha matofali kumi kwa mpigo.

Bomoa akachungulia. Vitanda sita, vimetandikwa. Birika linatoa mvuke. Wanawake wanne wamejibana kwenye ukuta wa mbali. Mmoja amemziba mtoto mdomo. Na mbele yao amesimama mkewe, mzima, amenenepa kidogo, mkononi mkasi wa kukatia vitambaa.

Nyundo ikamdondoka Bomoa. Machozi yakampasulia njia kwenye vumbi la mashavuni.

"Mke wangu," alisema kwa upole, akipenyeza mkono kwenye tundu. "Nani kakufungia humu? Chumba gani hiki hakina mlango?"

Mkewe aliutazama ule mkono. Akakikunja kidole chake kilichopinda, akakificha ndani ya kiganja.

"Mlango upo," alisema. "Kitasa niliomba kiwekwe huku ndani."