Sindano ya Ulimi

Siku hizi kila anayehamia mkoa mwingine huchomwa sindano ya ulimi, ili apende chakula cha huko alikohamia. Kemilembe alichomwa alipotoka Bukoba kwenda Dodoma, na tangu hapo chakula chake ni ugali wa uwele na mlenda.

Mama yake alipokuja kumtembelea, alibeba mkungu wa ndizi. Alizipika na maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba kama kwao. Kemilembe alitia kipande mdomoni, akahisi anatafuna pamba.

“Tamu, mama. Kama za nyumbani.”

Mama aliivuta sahani taratibu.

“Zimeungua, Kemi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba radhi.”

Kemilembe alingoja machozi, yakagoma. Iliyokuja ni njaa, akainuka kwenda kubandika mlenda.