Jibu la Sikudhani

Sikudhani alikuwa hajaonja pombe kwa miaka minne alipokwenda kuomba kurudishwa kwenye kazi yake ya kuendesha gari la wagonjwa. Bwana Lukindo, afisa wa ajira, alimsogezea karatasi.

"Kompyuta imepitia historia yako, dada. Inasema utarudia kunywa kabla ya mwaka kwisha. Weka sahihi kwamba umekubali kutorudishwa kazini."

"Kila siku napita mlangoni pa kilabu. Miguu inataka kuingia, naikataza. Hilo kompyuta imeliona wapi?"

"Haijawahi kukosea."

"Itakoseaje, na inaowakataa hamwaajiri?"

Lukindo akainamisha macho. "Mimi sina uamuzi, dada. Nafuata inavyosema."

Hapo Sikudhani alipandwa na hasira hasa. "Mimi pombe niliiacha kwa uamuzi wangu. Wewe uamuzi wako umempa nani?"

Akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake: *Sikubali. Nataka kusikilizwa na mtu.* Akaweka sahihi, akairudisha mezani.

"Igonge muhuri kwamba umeipokea."

Lukindo aliuinua muhuri, akaitazama kompyuta, kisha akamtazama Sikudhani, mkono ungali juu.