Upande wa Pili wa Doti

Siku ya kumi ya mafungo ya kimya, mwalimu wa Kibudha aligonga kengele akasema, "Sasa mnaweza kuzungumza." Ukumbi mzima ukachangamka kama soko la asubuhi. Mjane mmoja tu, Sikudhani, alibaki ameketi kwenye mto wake. Tangu amzike mumewe hakuwa na wa kusema naye nyumbani, na mafungo haya aliyapenda kwa sababu hapa, angalau, watu walinyamaza pamoja. Sasa aliogopa kwamba maneno yatamchukulia mwenzake.

Mwenzake huyo alikaa mto wa jirani. Asubuhi ya pili Sikudhani alimwona anatetemeka kwa baridi, akamfunika upande mmoja wa doti yake ya kanga, na yeye mwenyewe akajitanda upande wa pili. Wakakaa hivyo siku zote, bega kwa bega, bila kujuana majina.

"Mimi naitwa Leokadia," mwanamke yule alisema kwa kicheko, huku akiikunja ile kanga. "Ahsante sana, dada. Shika kanga yako, nisije nikaitwa mwizi wa mafungoni!"

Sikudhani alikohoa, akaitafuta sauti yake. "Kaa nayo."

"Wee! Doti haitenganishwi."

"Ndiyo maana nimekupa."

Leokadia akaacha kucheka. Nje gari lilipiga honi, na mwanamume akamwita, "Mama Pendo, twende!" Leokadia akainuka. Alisimama mlangoni na kanga mkononi, mguu mmoja umeshaingia kwenye kandambili, mwingine bado u peku sakafuni, akimtazama Sikudhani.