Jibu la Bosi wa Bekari

Bosi wa bekari alikuwa ameshafungua mdomo. Wafanyakazi walikuwa wameomba nusu saa ya kukaa chini, na jibu lake lilikuwa tayari: aliyechoka, mlango uko wazi.

"Samahani, mwanangu," akasema mzee wa tanuri, aliyeanza kazi na marehemu baba wa bosi. "Jumapili kanisani ulitufundisha habari za mfalme Rehoboamu. Ulipofika pale watu walipomwomba awapunguzie mzigo, muda wa somo ukaisha. Aliwajibuje?"

"Kwa ukali," bosi akasema taratibu. "Makabila kumi yakamwacha."

"Kumi? Sisi hapa tuko saba tu."

Mfanyakazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Bosi akatazama miguu ya mzee, ilivyovimba mpaka kamba za viatu hazifungiki. Akavuta kiti chake, cha pekee mle ndani, akamsogezea.