Mfuko wa Kichogo

Hadithi hii naijua neno kwa neno, hakuna wa kunishinda; mwanzo wake tu ndio umenitoka, basi tuingie katikati.

Mposaji alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mbele yake, kati ya vyerehani vilivyofunikwa mashuka kwa heshima ya mgeni, aliketi mama wa binti, mwenye duka la ushonaji. Kando yake, shangazi. Nyuma ya pazia, binti mwenyewe, anavutavuta kitambaa cha kichwa ambacho siku zote kinamgomea kisogoni.

“Mtu anakuja kuposa peke yake, kama mleta bili ya umeme?” shangazi aliuliza.

“Na mimi simwozi binti yangu kwa yeyote tu,” mama akadakia. “Sisi ni ukoo wa sindano. Kwenu wanashika nini?”

Swali hilo mposaji alikuwa ameshalijibu jana mbele ya kioo. Dukani humo kila kitu kina mwenyewe. Kifungo kilichoshonwa kwa kubania uzi huitwa shangazi, na shangazi yupo, anasikia, ananuna. Ule mfuko wa siri ndani ya kiuno cha suruali, mji mzima unauita kichogo. Wateja husema tu, “Nitilie kichogo,” wala hawajui kwamba Kichogo alikuwa mtu: fundi mwenye kisogo kirefu, aliyeubuni humohumo dukani, kisha akaondoka asirudi. Mposaji alidokezwa na wapiga pasi. Akaona huyo ndiye baba wa kuazima: jina kubwa, mwenyewe hayupo.

“Mimi ni mtoto wa Kichogo,” alisema.

Mama akamkazia macho. “Kichogo huyu wa mfuko?”

“Huyohuyo, mama. Mungu amrehemu, nilimzika kwa mikono hii.”

“Maskini!” shangazi akasogeza kiti. “Na huko nyumbani alikuwaje?”

“Mtulivu, shangazi. Mtu wa mke mmoja. Hakupata kulala nje hata usiku mmoja.”

Chai ikampalia shangazi. Mama akawa anampigapiga mgongoni, macho hayamtoki mgeni.

Mposaji akaona mambo yameiva. Uongo ulikuwa unateleza kama sindano kwenye hariri, na yeye ni nani auzuie? Akaongeza kwamba kichogo cha kwanza kabisa kilishonwa sebuleni kwao, yeye akiokota pini.

“Kwa hiyo wewe ni damu yake?” mama aliuliza. “Si mtoto wa kulea?”

“Damu yake, mama. Naapa.”

Mama akatua kikombe, akavuta pazia. Binti akatoka anatabasamu, akidhani mambo yamekubaliwa.

“Mwanangu,” mama alimwambia, “miaka yote unaniuliza baba yako ni nani, nami nakuzungusha. Leo umepata baba, na kaka juu yake. Msalimie kaka yako. Ndoa hakuna.”

Mposaji aliruka, chai yote ikaishia kwenye suruali.

“Mama, nimedanganya! Kichogo hata simjui! Baba yangu ni kinyozi, yu hai, nimemficha hapo nje kwenye kona asije akaniaibisha!”