Vazi la Kuzamia

Mjane alisimama ukingoni mwa shimo la maji ya buluu, mchanga pande zote. Kumbe lipo. Mumewe akiaga kwenda kupiga mbizi, yeye alicheka moyoni: jangwa na mbizi wapi na wapi! Leo alikuja kumsaka kimada aliyedhani marehemu alimficha huku.

Alipojitambulisha, mjaza mitungi ya hewa alimletea vazi la kuzamia, la kike, halijavaliwa.

"Lako, shemeji. Marehemu alisema, 'Mke wangu mbishi, ila ipo siku atakuja.'"

Mjane alilipokea. Kidole chake kilisugua zipu iliyoshikana kwa vumbi, kikasugua tena.

"Hili halinitoshi. Mimi mnene."

"Alisema utasema hivyo."

Zipu ikaachia.

"Haya, geukia kule, shemeji, nivae."